Uvira: Wanaofungwa kwenye Clash Squad waache kusingizia rezo

Siku ya posho, chini ya mwembe mmoja wa kartie ya Mulongwe, vijana wanne walikutana na wenzao wanne wa Kalundu katika mchezo wa simu unaoitwa Free Fire. Walifungwa nne kwa sifuri. Mechi yote haikumaliza muda wa kupika bugali. Kila mchezaji alikuwa ameweka franka 5,000, na pesa ikaenda Kalundu wakati simu zingali na moto mikononi.

Kufungwa si habari. Wakaaji wa Uvira wamezoea kuona timu zikifungwa. Habari ni yale yaliyosemwa na kufanywa baada ya mechi. Wa kwanza alisema rezo ilimkatia. Wa pili alisema watu wa Kalundu wana pesa, wamenunua wahusika wa nguvu. Wa tatu akasema kosa lote ni la wa nne. Na huyo wa nne, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sekondari, hakusema kitu. Jioni ileile alichukua sehemu ya minervali ambayo mama yake alikuwa amempa ya kupeleka masomoni, akanunua almasi za mchezo. Siku ya kwanza, orodha ilipopita darasani, alirudishwa nyumbani pamoja na wale ambao wazazi wao kweli hawana kitu.

Mama yake anauza ndagala. Muhula mzima amekuwa akiamka saa tisa ya usiku kwenda kungojea mitumbwi. Masomo ya msingi yalifanywa ya bure tangu 2019, lakini sekondari mzazi analipa, na kila franka ya minervali ya yule kijana ina harufu ya samaki ndani yake. Sasa pesa hiyo imegeuka koti lenye kung'aa juu ya mtu wa katuni.

Ndiyo maana jambo hili halifai kuachwa kama mambo ya watoto. Vijana wa Mulongwe hawakufungwa na rezo, wala na pesa, wala na mwenzao. Walifungwa kwa sababu waliingia katika kazi wasiyoijua wakakataa kuwa wanafunzi wa kazi hiyo. Kila kilichofuata, hadi ile minervali, kilitokana na kukataa huko.

Kwa mzazi anayeona tu mtoto amekunja shingo juu ya simu, inafaa kueleza kidogo. Free Fire ilitoka 2017, ni ya kampuni ya Garena ya Singapore, na imeenea sana katika nchi zenye watu wa simu za bei ndogo kwa sababu haiombi simu yenye nguvu. Namna yake ya kwanza, ile iliyoipa jina, ni Battle Royale. Watu 50 wanaruka na parachuti juu ya kisiwa, kila mmoja anashuka mikono mitupu, anaokota silaha ndani ya nyumba, eneo la kuishi linazidi kupungua, na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Clash Squad ni namna nyingine ndani ya mchezo uleule. Ni wanne kwa wanne. Hakuna ndege, hakuna kuzunguka nyumba kwa nyumba kutafuta bunduki. Kila raundi inaanza na duka: mchezaji anapewa pesa kidogo ya mchezo, ananunua silaha, ananunua kinga ya mwili, ananunua ule ukuta wa kujificha unaoitwa gloo, kisha timu mbili zinakutana ndani ya kipande kidogo cha ramani. Aliyekufa anangoja raundi inayofuata. Timu inayotangulia kufikisha raundi nne imeshinda.

Macho ya mzazi hayaoni tofauti yoyote: watu walewale, bunduki zilezile, makelele yaleyale. Shida ni kwamba vijana wenyewe pia hawaioni.

Wale wanne wa Mulongwe si wachezaji wabaya. Kwenye Battle Royale wamefika daraja la Heroic, na daraja hilo halipatikani kwa bahati. Lakini walilipata kwa ujuzi gani? Kwa kuvumilia. Kwa kushuka mbali na wengine, kukusanya vitu polepole, kukaa ndani ya nyumba huku watu wengine wakimalizana, kisha kutoka mwishoni wakati wamebaki wachache na wamechoka. Ni akili, hakuna wa kukataa. Tena ni akili inayolipwa, kwa sababu Battle Royale inampa alama hata yule aliyeishi muda mrefu bila kupiga watu wengi.

Chukua akili hiyo uipeleke Clash Squad, inakuua. Eneo ni dogo, muda ni mfupi, na kuishi peke yako hakuna faida ikiwa wenzako watatu wamelala chini. Mtu wa ziwani anaweza kuelewa haraka kuliko mchezaji. Kuna mvuvi wa ndoano anayekaa peke yake ndani ya mtumbwi wake, anajua kungoja, anajua kunyamaza, na jioni anarudi na samaki wake. Mweke mtu huyo usiku katika kazi ya taa na wavu wa ndagala. Pale wavu unainuliwa na mikono yote kwa wakati mmoja. Akivuta kabla ya wenzake, samaki wanamwagika. Akichelewa, wanamwagika vilevile. Uvumilivu wake wa ndoano haumsaidii kitu usiku ule, na hakuna mtu ufukoni atakayesema ziwa ndilo baya.

Walioitazama ile mechi ya Mulongwe waliyaona haya waziwazi. Raundi ya kwanza, wanne walitawanyika njia nne, kila mmoja akitafuta nyumba yake kama alivyozoea kisiwani. Kalundu walitembea wawiliwawili, wakamkuta kila mmoja peke yake. Si vita hiyo, ni kuchuma maembe. Raundi ya pili, watatu kati yao walimaliza pesa yote kwa bunduki kubwa na hawakubakiza ya ukuta hata mmoja. Raundi ya tatu, hao watatu hawakuwa na pesa ya maana, wa nne alikuwa nayo, akajinunulia bunduki ya mbali yenye darubini na kupanda juu, akawaacha wenzake chini na bastola. Raundi ya nne walijificha. Wote wanne. Eneo likawafungia, wakatoka mbio mmoja baada ya mwingine, na Kalundu walikuwa wanawangojea nyuma ya kuta zao.

Katika hayo yote, rezo iko wapi?

Watu wa Kongo wana haki ya kulalamikia mambo ya simu, hilo lisemwe wazi. Mega zinakwisha kabla ya siku zake, umeme unakatika jioni, na watu hawajasahau RAM, ile kodi iliyoanza kukata uniti za wananchi 2020 mpaka ikaondolewa 2022. Uvira kuna vijana wanaotumia laini ya Burundi na kwenda kusimama upande wa ziwa kutafuta mawimbi ya Bujumbura. Hakuna anayecheka shida hiyo. Lakini wale wa Kalundu walikuwa wamekaa chini ya mwembe uleule, wengine wakitumia kampuni ileile ya simu. Ikiwa rezo ilikuwa adui, ilikuwa adui wa wote wanane.

Tena mchezo wenyewe unaonyesha ukweli. Juu ya skrini kuna namba ndogo inayosema mawimbi yanachelewa kiasi gani, kwa sehemu za elfu za sekunde. Ikiwa ya kijani, rezo ni nzuri. Ikigeuka nyekundu, hata fundi mkubwa atakufa bila kujua nani amempiga. Mwenye akili anaangalia namba hiyo kabla ya kuweka franka 5,000 zake mezani, si baada ya kuzipoteza. Na ikiwa kila jioni saa moja namba ni nyekundu, basi acheze saa kumi na mbili ya asubuhi, au asicheze kabisa siku ile. Rezo mbaya ni sababu ya kutocheza. Haiwezi kuwa sababu ya kutawanyika njia nne.

Sababu ya pili ndiyo yenye sumu. Vijana wengi wa huu mji sasa wanaamini kwamba aliyefungwa amefungwa kwa umaskini. Wanaona nguo za wahusika wa Kalundu, wanaona rangi za bunduki zao, wanasema: hawa wamenunua ushindi. Kuna ukweli mdogo ndani yake na usifichwe: rangi nyingine za bunduki zinaiongezea silaha nguvu kidogo hapa na kuipunguzia pale, na wahusika wanatofautiana uwezo. Kampuni inaishi kwa kuuza vitu hivyo. Ilimleta hata Cristiano Ronaldo ndani ya mchezo, mwisho wa 2020, katika sura ya mhusika anayeitwa Chrono, na haikufanya hivyo kwa sababu ya mapenzi kwa vijana wa Uvira.

Lakini angalia kile yule mwanafunzi alichonunua kwa minervali. Pamoja na lile koti, alimnunua Alok, mhusika aliyeingia 2019 na kupewa jina na sura ya DJ mmoja wa Brazili. Alok ana kazi gani? Akiwasha uwezo wake, mduara unatokea miguuni pake, na wenzake walio ndani ya mduara huo, mita chache tu, wanarudishiwa uhai na kuongezewa mbio. Walio ndani ya mduara. Sasa timu ambayo kila raundi inakimbia njia nne, Alok wake atamponya nani? Atauponya upepo. Kijana amelipa minervali kununua dawa ya watu wanaotembea pamoja, akaipeleka kwa watu wasiotembea pamoja.

Hata neno lenyewe, almasi, linachekesha katika nchi hii. Almasi za Mbuji-Mayi, hata zikimpa mchimbaji taabu yote ile, mwishoni mtu anaweza kuziuza. Hizi za Garena zinaingia tu, hazitoki. Hakuna siku mama wa ndagala atapeleka koti la katuni kwa mkuu wa masomo akarudishiwa mtoto darasani. Na nyuma ya tamaa hiyo wamekuja wezi: wanaoahidi almasi za bure ukiwaandikia neno lako la siri, wanaouza akaunti iliyofika daraja la juu kisha kuichukua tena baada ya wiki, wanaosambaza programu za kulenga kichwa zenyewe. Garena inafunga akaunti za wanaotumia programu za namna hiyo. Anayenunua akaunti ya Heroic, hata asipoibiwa, amenunua nini? Amenunua haki ya kupangwa na watu wanaomzidi. Atafungwa haraka zaidi, tena kwa bei.

Sababu ya tatu ni ile ya mwenzangu mbaya. Kila timu iliyofungwa ina mbuzi wake wa kufukuzwa. Mulongwe walimchagua yule mwanafunzi kwa sababu ndiye mdogo wao, na mdogo hajibu yaya zake. Lakini raundi ya tatu, ni nani aliyekuwa na pesa na kujinunulia bunduki ya mbali? Haikuwa yeye. Alikuwa ni yule mkubwa wao, yule yule aliyemwita mbaya. Kwenye Clash Squad mchezaji mwenye pesa anaweza kununua silaha na kuiweka chini mwenzake aiokote. Hajafanya hivyo hata mara moja. Kama kijana yule asingekwenda nyumbani akiamini yeye ndiye aliyewaangusha, pengine bahasha ya minervali ingebaki ilipokuwa. Wakubwa wake watatu wanapaswa kulifikiria hilo kabla ya kumcheka tena.

Na Kalundu je? Hapa ndipo vijana wengi wangefaa kutega masikio, kwa sababu Kalundu hawakuzaliwa wakijua. Walianza Clash Squad mwezi wa kumi, mvua zilipoanza na jioni zikawa za kukaa ndani. Wao pia walitoka Battle Royale. Walifungwa karibu kila usiku, muda mrefu. Tofauti ni kwamba walichagua kufungwa pahali pasipo na bei: katika mechi zisizo na daraja, bila pesa mezani, bila watu wa kuwatazama.

Mtu wa nne wa timu yao ni dada mmoja anayeuza uniti chini ya mwavuli. Vijana wa Mulongwe walipomwona akifungua simu siku ya posho walicheka, na mmoja akauliza kama amekuja kuuza forfe. Yeye ndiye aliyekuwa na daftari. Ni daftari la kawaida la hesabu, lile analoandikia wanaomkopa uniti, na kurasa za nyuma aliandika vifo. Kila mechi ikimalizika, kabla ya kuanza nyingine, kila mmoja anasema sentensi moja: nilikufa namna gani. Ni marufuku kusema mwingine alikosea wapi. Wiki za kwanza, karibu kila mstari una maneno yaleyale: nilikuwa peke yangu. Nilikuwa peke yangu. Nilikuwa peke yangu. Nilikuwa naongeza risasi bila ukuta. Nilikuwa peke yangu.

Hakuna mwalimu wa YouTube aliyewaambia zaidi ya hayo. Walianza kutembea wawiliwawili kwa sababu daftari liliwachosha. Mmoja akipigwa na kuanguka, wa pili anaweka ukuta mbele yake na kumwinua, jambo ambalo mchezo unaruhusu ikiwa adui hajafika kummaliza. Peke yako, ukianguka umeanguka.

Kisha likaja suala la pesa, na hapo mwenye kuuza uniti alikuwa na jicho kuliko wote. Katika Clash Squad, pesa inatoka raundi hadi raundi. Anayeshinda anapata, anayeua anapata, lakini hata aliyeshindwa anapewa kitu. Maana yake, raundi moja ya kufunga mkono inaweza kuzaa raundi inayofuata yenye silaha kamili kwa watu wote wanne. Vijana wengi wananunua kila wanachoweza kila mara, kama mtu aliyepokea mshahara siku ya tano na siku ya yenga jioni anakopa chumvi. Dada huyo aliona kwamba wakishindwa raundi ya kwanza, ya pili ni heri wanunue kidogo, wote pamoja, waweke akiba, na ya tatu waingie na bunduki nzuri, kinga na kuta. Ikiwa mmoja ananunua kikubwa na watatu wanaweka akiba, hesabu imeharibika. Kwa hiyo wanakubaliana dukani kwanza, kwa neno moja: tunanunua, au tunafunga.

Ukuta nao waliujifunza kama mtu anavyojifunza baiskeli, kwa kurudiarudia. Mchezo una uwanja wake wa mazoezi. Walitumia dakika kumi kabla ya kila jioni kufanya kitu kimoja tu: kupigwa, kuweka ukuta, kuinama, kuongeza risasi, kutoka upande wa pili. Si kazi ya kufurahisha. Hakuna anayerekodi video yake akifanya hivyo. Lakini kidole kinachotafuta kitufe cha ukuta wakati risasi zimeshaanza kuingia ni kidole cha mtu aliyekufa.

Na maneno. Mulongwe chini ya mwembe walikuwa wanapiga kelele wote wanne, mpaka motari waliosimama kungojea abiria wakageuka kuwaangalia. Kalundu walisema kidogo: wawili kushoto, mmoja ana damu kidogo, narudi nyuma. Aliyekufa hakuendelea kulalamika. Alibaki anaangalia skrini ya mwenzake, kwa sababu mchezo unamwachia aliyekufa aendelee kuona kupitia macho ya aliye hai, na anaweza kumwambia kitu alichokiona. Vijana wengi wakifa wanaweka simu chini na kuanza kutukana. Wanatupa somo la bure ambalo halikati hata mega moja zaidi.

Kalundu hawachezi mechi zaidi ya tano kwa usiku. Sababu haikuwa hekima, ilikuwa bei ya mega. Lakini imewasaidia, kwa kuwa mtu mwenye mechi tano tu anaiangalia kila moja. Yule anayecheza ishirini mfululizo hadi saa saba ya usiku, akifungwa na kubonyeza tena, akifungwa na kubonyeza tena, hafanyi mazoezi. Anakazia makosa yake yawe mazoea.

Kuna upande mwingine unaohitaji kujibiwa pia, nao ni wa watu wazima. Habari ya minervali ilipoenea, baadhi ya wazazi, na sauti nyingine makanisani, walisema mchezo wenyewe ufungwe, simu zinyang'anywe, wote wanane waadhibiwe. Hasira ya mzazi inaeleweka. Lakini nchi kubwa zimeshajaribu njia hiyo. Mwaka 2021 mahakama ya Bangladesh iliamuru Free Fire na PUBG zizuiliwe. Februari 2022 serikali ya India ikaifungia Free Fire pamoja na programu nyingine nyingi, na Free Fire MAX, ndugu yake wa tumbo moja, ikabaki ikipakuliwa, wachezaji wakahamia huko. Simu ikinyang'anywa Mulongwe, kijana atacheza kwa simu ya rafiki, na mzazi hatajua tena lolote.

Mzazi mwenye nia atafute kitu kingine: ajue nani anashika pesa. Minervali isipite mikononi mwa mtoto ikiwa mzazi au jirani anaweza kuipeleka mwenyewe na kurudi na risiti. Na watu wazima waseme ukweli juu ya zile franka 5,000. Mechi yenye pesa mezani kati ya wanafunzi ni kamari, hata ikichezwa chini ya mwembe mchana kweupe na hata mshindi akitumia pesa kununua mikate ya wote. Ukubwa wa pesa hiyo ndio uliomfanya kijana aone aibu isiyolingana na mchezo. Kalundu nao hawako safi hapa. Walijua wanakutana na watu wasiojua Clash Squad, walijua watachukua franka 20,000, wakachukua. Ufundi wao hauwaondolei hilo. Wangeweza kucheza bure na kuwaonyesha lile daftari.

Wapo watakaosema ni maneno mengi kwa ajili ya mchezo wa simu. Waende wauangalie huu mji. Vijana wamemaliza masomo hawana kazi, wengine wanasubiri bandarini mizigo isiyofika. Jioni wanachobaki nacho ni simu na wenzao watatu. Ikiwa pahali pale pekee wanapojaribu kufanya kitu pamoja wanajizoeza kulaumu mawimbi, kulaumu matajiri na kumlaumu aliye mdogo, basi mazoea hayo hayatabaki ndani ya simu. Fundi wa mbao anayejaribu kuchomelea vyuma anakubali kuungua vidole mwezi wa kwanza, wala haoni aibu. Lakini kijana wa Heroic anaona ni matusi kuambiwa aanze Bronze ya Clash Squad, chini kabisa, pamoja na watoto wa miaka kumi na miwili. Wengine ndipo wanapotoa pesa, kukwepa zile wiki chache za aibu.

Mechi ya kurudiana imeombwa na Mulongwe, siku ya posho ijayo, pahali palepale. Kalundu wamekubali, kwa sharti kwamba safari hii hakuna pesa. Sharti hilo lilitoka kwa yule dada wa uniti, baada ya kusikia habari ya minervali. Mwanafunzi hatacheza. Atakuwa bandarini Kalundu tangu alfajiri, akimbebea mama yake mabeseni ya ndagala, hadi deni la masomo litakapokwisha. Wenzake watatu wanatafuta mtu wa nne. Hadi jana jioni walikuwa wamekaa chini ya mwembe, simu mkononi, wakibishana ni nani kati ya wanaotaka kuingia ana rezo nzuri.